Kipindupindu kimeingia mtaani: namna ya kutafuta kilikotoka

Ukipangiwa kwa mara ya kwanza kwenye timu ya kufuatilia mlipuko wa kipindupindu hapa Dar es Salaam, wengi watakuelekeza kambini. Nenda kambi ya wagonjwa, hesabu vitanda, jaza fomu, chukua sampuli, rudi ofisini. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini ni nusu. Nusu nyingine iko kwa jirani wa mgonjwa, yule anayepanga chumba cha pili, anayetumia choo kilekile na kufulia kwenye ua uleule, na hakuugua. Huyo ndiye asiyetembelewa na mtu, na ndiye ninayetaka umtafute.

Mimi kazi yangu ni utafiti wa milipuko ya magonjwa ya kuambukiza, na nimekulia Tandika, kwenye nyumba ya wapangaji. Ninayoyaandika hapa ni kwa kijana anayetoka chuoni akiwa anazijua kanuni za takwimu vizuri kabisa, lakini hajawahi kusimama mlangoni kwa mtu mwenye mgonjwa na kuuliza alikunywa maji gani Jumanne.

Tusisahau ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 1997 Tanzania iliripoti wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na waliofariki walipita 2,200. Mlipuko mwingine ulianzia hapahapa Dar es Salaam Agosti 2015, Kinondoni ikiwa ya kwanza kuguswa, ukasambaa mikoani na kupita wagonjwa 20,000 kabla ya kutulia. Na huu ni ugonjwa ambao mgonjwa akiwahi kutibiwa karibu kila mara anapona: vifo hushuka chini ya mtu mmoja katika kila wagonjwa 100. Asipotibiwa, mwenye hali mbaya anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa hiyo kila siku unayoiokoa katika kutafuta chanzo ni watu ambao hawatafika kambini kabisa.

Kabla ya kutoka

Usiingie mtaani kwa jina la chuo chako peke yake. Wakati wa mlipuko kazi iko chini ya Mganga Mkuu wa manispaa au wa jiji, na wewe unajiunga na timu yake. Kama utachukua taarifa kwa ajili ya utafiti utakaochapishwa, kibali cha maadili kitoke kwenye kamati inayohusika, ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au ya chuo chako, mapema. Barua ya manispaa inakwenda kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa mtaa, kwa mwenyekiti, halafu mwenyekiti anakukabidhi kwa mjumbe. Ukiruka ngazi moja, milango itafunguliwa, lakini majibu utakayopewa yatakuwa ya kukuondoa.

Kubalianeni kwanza nani anaitwa mgonjwa. Kama mtaa haujathibitishwa kuwa na kipindupindu, tunamshuku mtu wa miaka 2 na kuendelea anayeharisha majimaji na kuishiwa maji sana mwilini, au aliyekufa kwa kuharisha hivyo. Mlipuko ukishathibitishwa maabara, mlango unapanuliwa: yeyote anayeharisha majimaji, wa umri wowote, anaingia kwenye orodha. Kuharisha majimaji maana yake mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, bila damu. Andika maelezo hayo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Wahojaji wawili wenye maelezo mawili tofauti wataleta milipuko miwili.

Ramani usiianze upya. Mradi wa Ramani Huria ulichora kata nyingi za Dar es Salaam kuanzia 2015, hadi vichochoro na mifereji, na Tandale ilikuwa imechorwa tangu 2011. Kazi hiyo iko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuitumia. Chapisha ya mtaa wako kwenye karatasi kubwa ya A3, kisha kaa na mjumbe akuonyeshe yaliyobadilika: kisima kipya, gati (bomba la kuchotea la mtaa) lililokufa, nyumba iliyobomolewa, njia ambayo mvua imeikata. Hapo hapo utajifunza mtaa kuliko kwa kuzunguka asubuhi nzima.

Beba penseli, maana kalamu ya wino na mvua ya masika havipatani. Vaa mabuti ya mvua. Acha koti jeupe ofisini. Beba pakiti za kutosha za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya kutibu maji, na namba ya gari la wagonjwa iwe kwenye simu ya kila mmoja. Ukikuta mgonjwa nyumbani ambaye macho yameingia ndani, au ngozi ya tumbo ukiibana inachelewa kurudi, au hana nguvu ya kunywa, funga daftari. Mahojiano yameisha. Mpe ORS kwa vijiko kama anaweza kumeza na mpeleke, na asipandishwe daladala. Kama pakiti zimekuisha, lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha bila kurundika. Nimewaona wahojaji wakimalizia swali la mwisho mtu akiwa analegea. Hakuna fomu yenye thamani hiyo.

Nyumba moja, kaya nyingi

Fomu nyingi zina sehemu imeandikwa "namba ya nyumba", na mhojaji anahesabu mlango wa mbele kama kaya moja. Kwa Manzese, Keko, Buguruni au Mbagala hiyo inavuruga kila kitu. Nyumba yetu ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani kuna choo na bafu moja. Kila chumba ni kaya. Wa chumba cha mbele ana dumu lake, wa chumba cha tatu ana ndoo yake yenye mfuniko, bibi mwenye nyumba ana mtungi, na kijana wa mwisho hana chombo chochote, anakunywa kazini. Wanatumia choo kimoja na maji manne tofauti.

Kwa mtafiti hiyo ni bahati kubwa. Ikiwa choo ndicho kinachoambukiza, tegemea ugonjwa ugawanyike vyumba vyote. Ikiwa ni maji, utaona ugonjwa unachagua: chumba cha mbele watatu wameugua, chumba cha pili hakuna hata mmoja, na wote wameshika kitasa kilekile cha choo. Kwa hiyo orodhesha chumba kwa chumba. Andika walio humo, umri, nani kaugua na tangu lini, maji ya kunywa yanatoka wapi, yanakaa kwenye nini, yanachotwa kwa nini. Kata ya kuchotea inayozama ndani ya ndoo pamoja na mkono ni jambo la kuandika. Ndoo yenye koki pia.

Na waandike wote, hata chumba ambacho kila mtu anakuambia "hawa hawana shida". Hasa hicho.

Kuuliza

Unapiga hodi, unasalimia kama mtu aliyelelewa. Shikamoo kwa anayestahili, kisha pole. Pole inatangulia jina lako na ofisi yako. Kama kuna msiba, unakaa kwanza, na maswali ya nani aliosha maiti na chakula cha matanga kilipikwa kwa maji gani unayaacha kwa mtu mzima wa familia, pembeni, kwa sauti ya chini. Maswali hayo ni muhimu kwa sababu mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu unaweza kuambukiza, na mkusanyiko wa watu wanaokula sinia moja unaweza kuwa mwanzo wa wimbi la pili. Lakini hayaulizwi mlangoni.

Usiende na mgambo. Bwana afya wa kata ni mwenzetu na bila yeye hatufiki popote, ila siku ya mahojiano ningeomba asiingie uani na daftari la faini. Sababu ni moja: kuna swali lazima uulize na hakuna atakayekujibu mbele ya mtu wa faini. Mvua kubwa ikinyesha usiku, wapo wanaofungua shimo la choo ili kinyesi kiende na maji. Kutapisha vyoo ni kosa, na kila mtu analijua. Wanaofanya hivyo mara nyingi ni watu ambao gari la kunyonya haliwezi kupita kichochoro chao, au bei yake ni kodi ya chumba. Mimi huuliza hivi: "Mvua ile ya juzi usiku, maji yalipita wapi? Yalikuwa na harufu?" Simuulizi nani alifungua. Ninachohitaji ni njia ya maji na kama njia hiyo inapita karibu na kisima.

Kwenye chakula na maji, mwiko wa kwanza ni kuuliza jumla. Ukiuliza "Mama, mnakunywa maji gani?" utajibiwa "ya bomba, na tunachemsha". Kila nyumba. Mtu anakujibu alivyofundishwa kwenye matangazo, wala hana nia ya kukudanganya. Uliza siku. Kipindupindu kinaanza kuonekana kuanzia saa chache hadi siku 5 baada ya mtu kukimeza, kwa hiyo unahitaji siku 5 kabla ya kuharisha kuanza, moja baada ya nyingine, kwa kurudi nyuma.

Watu hawakumbuki tarehe, wanakumbuka matukio. Siku ya kikoba. Ijumaa baada ya swala. Siku Simba na Yanga walipocheza. Siku umeme ulipokatika. Muhimu kuliko zote, siku maji yalipokatika. Wakazi wa jiji wanaukumbuka mgao wa Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua, na wanakumbuka vilevile mgao wa wiki iliyopita, kwa sababu siku hiyo kila mtu alibadilisha alikochota. Jenga kalenda ya mtaa kabla ya kuanza mahojiano, ukae na mjumbe na akina mama wawili watatu, halafu wahojaji wote waitumie hiyohiyo.

Kisha mpitishe mtu siku yake tangu alipoamka. Maji ya kwanza aliyogusa asubuhi yalikuwa ya nini? Mswaki alipigia maji gani? Chai alikunywa wapi? Mchana alikula wapi, na mikono alinawa kwa maji ya chombo gani? Juisi ya ukwaju, ilikuwa na barafu? Matunda yaliyokatwa? Kachumbari? Jioni je? Ukifuata siku namna hii, maji ya chumvi yatajitokeza. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi, na wenyewe hawayahesabu kama maji ya kunywa, kwa hiyo hukuyasikia kwenye swali la jumla. Lakini ndiyo yaliyosuuza vikombe, yaliyooshea nyanya za kachumbari, na aliyopigia mswaki. Vimelea vya kipindupindu havichukii maji yenye chumvi kidogo, vinayapenda. Swali la "maji ya chumvi mnayafanyia nini?" liwe na mstari wake kwenye fomu.

Waulize pia wachotaji. Mara nyingi mama anasema maji ni ya gati, naye anaamini hivyo, kumbe mtoto anayebeba dumu la lita 20 amechoka na foleni na anachota kisima cha jirani. Muombe mama ruhusa, muulize mtoto mbele yake kwa upole, tena usimfanye aonekane mkosaji. Wauza maji wa mikokoteni waulize wakiwa wamekaa kivulini wakisubiri wateja, mmoja mmoja. Dereva wa boza, lile gari la kubeba maji, muulize alijaza wapi safari ya asubuhi na safari ya jioni, kwa sababu huenda si mahali pamoja.

Wanaume wengi hawako nyumbani mchana. Rudi saa moja jioni. Usipowarudia, orodha yako itakuwa ya wanawake na watoto, na utahitimisha kwamba ugonjwa unawapenda wanawake na watoto.

Sasa watafute wazima

London, mwaka 1854, kipindupindu kiliua watu 616 eneo la Soho. Daktari John Snow alishuku pampu ya Broad Street. Kila mtu anayesoma afya ya jamii anaijua ramani yake ya vifo, na kwamba mpini wa pampu uling'olewa tarehe 8 Septemba. Kinachosahaulika ni kwamba hoja yake ilisimama kwa sababu ya watu waliokaa karibu na pampu na hawakufa. Jengo la kuhifadhi maskini, Poland Street, lilikuwa na watu 535 katikati ya nyumba zilizojaa misiba, na lilipoteza 5 tu. Lilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi zaidi ya 70 wa kiwanda cha bia palepale Broad Street hawakufa: walikuwa wanapewa bia, na kiwanda kilikuwa na maji yake. Bila hao, ramani ya vifo ingeweza pia kusomwa kama ushahidi wa hewa mbaya ya Soho, ambayo ndiyo wakubwa wa wakati ule walikuwa wanaiamini.

Hapa kwetu fanya hivi. Kwa kila mgonjwa tafuta wazima wawili wa umri unaokaribiana, ambao hawajaharisha ndani ya siku 7. Mmoja atoke nyumba ileile lakini chumba kingine. Wa pili atoke nyumba nyingine ya mtaa huohuo, na namna ya kuichagua iwe imewekwa kabla: kwa mfano, ukitoka mlangoni kwa mgonjwa, nyumba ya tatu mkono wa kulia, na kama hakuna mtu wa umri huo, inayofuata. Usimwachie mjumbe akuchagulie, atakupeleka kwa watu wasafi anaojivunia. Usichague mwenyewe kwa macho, utaingia pale palipo na kivuli na kiti.

Waulize maswali yaleyale, kwa siku zilezile 5 alizoulizwa mgonjwa wao, si siku 5 za karibuni. Hapo ndipo wahojaji wengi wanapopotoka. Na uwape muda uleule. Mgonjwa amekaa akifikiria kilichompata, anakumbuka kila punje. Mzima hana sababu ya kukumbuka chochote, lazima umsaidie kwa ile kalenda ya mtaa.

Kwa nini nasisitiza hivi? Chukua mfano wa kubuni. Una wagonjwa 20. Kati yao 16 walikula kwa mama lishe wa kona, na 15 walitumia maji ya kisima cha nyuma ya soko. Ukiishia hapo, mama lishe anaongoza. Kesho yake banda linafungwa, sufuria zinabebwa, na mtaa mzima unamnyooshea kidole. Sasa ongeza wazima 40. Unakuta 32 kati yao nao walikula kwa mama lishe yuleyule, kwa sababu kila mtu mtaani anakula pale. Kwa wagonjwa ni asilimia 80, kwa wazima ni asilimia 80. Banda halina habari yoyote ya kukupa. Kisima je? Wazima waliotumia maji yake ni 10 kati ya 40, asilimia 25, dhidi ya asilimia 75 ya wagonjwa. Gawanya: wagonjwa waliotumia kwa wasiotumia ni 15 kwa 5, yaani 3. Wazima ni 10 kwa 30, yaani thuluthi moja. Tatu ukiigawa kwa thuluthi unapata 9. Wagonjwa wana uwiano wa kutumia kisima mara 9 ya ule wa wazima. Kwa mama lishe hesabu hiyohiyo inatoa 1, maana yake hakuna tofauti.

Hesabu hii unaifanya kwa penseli, umekaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa, kabla kompyuta haijawashwa. Baadaye utaipitisha kwenye programu ya takwimu na kuweka mipaka ya uhakika, na utaangalia kama umri au jinsia vinaingilia. Lakini yule mama ana wanafunzi wa kusomesha kwa sahani za wali, na kumfungia kwa hesabu ya upande mmoja ni dhuluma. Ninasema hivyo kwa uzito wote.

Kuna tahadhari mbili. Watu wengi walioambukizwa kipindupindu hawaonyeshi dalili, au wanaharisha kidogo tu, na bado wanatoa vimelea kwenye choo kwa siku kadhaa. Baadhi ya wazima wako, basi, wamemeza kilekile alichomeza mgonjwa. Hilo linapunguza tofauti unayoiona, halibadilishi upande inakoelekea, kwa hiyo tofauti ndogo usiidharau. Ya pili: kama vyumba vyote vya nyumba vinachota kwenye simtanki moja, mzima wa nyumba hiyo hawezi kukuambia lolote kuhusu simtanki. Ndiyo maana tunachukua na wa nyumba nyingine.

Kupima maji njia nzima

Chukua kipimo cha klorini cha mkononi, kile cha vidonge vya DPD ambavyo hugeuza maji kuwa ya waridi. Pima pale boza linapojazwa, pima mdomoni mwa boza, kwenye simtanki, kwenye dumu, na mwisho kwenye kikombe. Wakati wa mlipuko tunataka angalau miligramu 0.5 kwa lita pale maji yanapochotwa, ili yakifika kikombeni ibaki angalau 0.2. Andika namba zote kwa mfuatano kwenye mstari mmoja. Macho yako yataona yenyewe klorini inapoishia, na mara nyingi inaishia kwenye chombo cha nyumbani, hata kama maji yalitoka salama.

Pima na ya wazima pia, hata kama wahojaji wamechoka.

Maji ya kupeleka maabara kuangalia vimelea vya kinyesi yawekwe kwenye chupa safi ya maabara yenye dawa ya kuzima klorini, na yasafiri kwenye barafu. Kinyesi cha mgonjwa kinakwenda kinyume: kichukuliwe kabla hajapewa antibayotiki, kiingizwe kwenye chombo cha Cary-Blair, chenye dawa ya kuvitunza vimelea hai njiani, na kisiwekwe kwenye friji. Kipimo cha haraka kinakusaidia kushuku, kuotesha maabara ndiko kunakothibitisha. Usisubiri maabara ikukamatie kimelea chenyewe ndani ya maji ya kisima ndipo uchukue hatua. Mara nyingi hakipatikani, kimeshapita, na ushahidi unabaki kwenye ile hesabu ya wagonjwa na wazima.

Mchoro wa siku

Chukua daftari la hesabu la miraba. Mstari wa chini ni tarehe ya kuanza kuharisha (siyo tarehe ya kufika kambini), na kila mgonjwa ni mraba mmoja unaopanda juu ya siku yake. Mlima mmoja mkali unaopanda na kushuka ndani ya siku chache unaelekea kwenye chanzo kimoja kilichochafuka mara moja. Mawimbi yanayofuatana yanaelekea kwenye maambukizi ya nyumba kwa nyumba, au chanzo kinachochafuka kila mvua ikinyesha. Andika mvua chini ya tarehe. Andika na siku za mgao. Mchoro usio na mvua na mgao hapa Dar es Salaam hausomeki.

Majina, picha na makundi ya simu

Orodha ya wagonjwa ina jina, chumba na mahali kwenye ramani. Isipite kwenye kundi la WhatsApp, hata la timu. Mpe kila mtu namba, na daftari linalounganisha namba na jina likae kwa mtu mmoja, limefungiwa. Kipindupindu kimeitwa ugonjwa wa wachafu kwa muda mrefu, na mpangaji anaweza kufukuzwa chumba kwa sababu ya jina lake kuonekana. Mtu akishaona jirani amefukuzwa, naye atamficha mgonjwa wake chumbani, na hapo unampoteza mgonjwa na taarifa kwa pamoja. Mlangoni kwa mtu zungumza juu ya kuharisha na kutapika, kwa lugha yake, na fomu yako ibaki na maneno yake.

Kurudisha majibu

Majibu yakielekea kwenye kisima, mtu wa kwanza kuambiwa nje ya timu ya manispaa ni mwenyekiti wa mtaa na mwenye kisima, kabla ya mwandishi wa habari yeyote. Mwenye kisima akisikia redioni, amegeuka adui, na kufuli za mabomba zitakatwa usiku. Akiambiwa kwa heshima, akaonyeshwa zile namba, mara nyingi yeye mwenyewe atakuambia choo kipi kiko karibu na lini mvua ilipita juu ya kifuniko.

Na usipendekeze kufunga kisima bila kusema watu watachota wapi kesho asubuhi. Ukifunga bila mbadala, foleni yote inahamia kisima kinachofuata, ambacho hukukipima. Pendekezo lako liwe na sehemu zote kwa pamoja: boza la maji yenye klorini liegeshwe wapi na saa ngapi, vidonge vya maji vigawiwe vyumba vipi kwanza, nani anasimamia, na kisima kitapimwa tena lini. Kutia klorini kisimani mara moja kunasaidia kwa muda mfupi. Kama choo kinavuja kuelekea humo, uchafu utarudi.

Soma matokeo kwenye mkutano wa mtaa. Leta ile ramani ya A3 bila majina. Akina mama watasimama na kukusahihisha njia ya maji, na hayo masahihisho yaandike.

Mgonjwa mpya akitokea baada ya hapo, wananchi wapige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, na kituo cha afya kitoe taarifa ndani ya saa 24. Mlipuko tunauhesabu umekwisha baada ya wiki 4 mfululizo bila mgonjwa aliyethibitishwa, huku vipimo vikiendelea kwa wanaoharisha. Katika wiki hizo 4 timu nyingi hutawanyika. Wewe baki na watu wawili na kipimo cha klorini. Kila wiki pitia kisima, boza, na vyumba vilevile vya wagonjwa na wazima, na mvua kubwa ikinyesha usiku, nenda asubuhi yake bila kusubiri siku ya ratiba.